Jirani Asiyeanua Nguo

Kwii, kwii, kwii. Roda ililia gizani, ikanyamaza, ikalia tena. Saniye alifumbua macho, moyo ukimwenda mbio kwa furaha ambayo bado hakujua imetoka wapi. Sauti ile aliizoea kuliko mkoromo wa mumewe. Ilikuwa roda, kile kigurudumu cha kupitishia kamba ya nguo, ile kamba iliyotoka dirishani kwake, ikavuka uchochoro juu ya vichwa vya wapita njia, ikazunguka roda nyingine kwenye nyumba ya mbele na kurudi. Na roda hailii yenyewe. Ikilia huku, ujue kuna mkono unavuta kule.

Kule hakukuwa na mkono tangu Mama Şükran ahame. Nyumba iliuzwa yeye akiwa ndani anakaanga biringani, akaenda kukaa kwa mwanawe Esenyurt, kwenye maghorofa ambako nguo hukaushwa na mashine na majirani hujuana kwa viatu, maana kwenye lifti kila mtu hutazama chini. Baada yake wakaja mafundi, vumbi likaja nao, na mwishowe nyumba ikapakwa rangi ya waridi kama keki ya harusi.

Hivyo ndivyo mtaa wote wa Balat ulivyokuwa ukienda. Fundi wa majiko alihama, na mahali pake pakafunguliwa duka la kahawa ambamo kabla ya kunywa unasimuliwa kwanza maisha ya buni. Kinyozi alihama, pakaja sabuni zinazouzwa kwa kukatwa vipande kama jibini. Familia moja baada ya nyingine zilipakia magodoro, na sasa Elvan, binti wa Saniye mwenye miaka mitano, ndiye mtoto pekee aliyebaki uchochoroni. Mpira wake ukiteremka mteremko hakuna wa kuurudisha, labda mtalii, naye huupiga picha kwanza.

Saniye alinyata hadi dirishani. Kwenye nyumba ya mbele aliona mikono miwili tu ikibana nguo, kisha dirisha likafungwa. Kulipopambazuka, kamba ilikuwa imejaa: shati jekundu la kiume, kitambaa cha meza chenye tarizi, sketi ya maua ya bibi, kijinguo cha mtoto mchanga kisichozidi kiganja na, katikati ya vyote, gauni la manjano la msichana mdogo.

"Mama!" aliita. "Njoo uone! Tumepata watu!"

Mama mkwe wake, Bi Makbule, alikuja akifunga kitambaa chake kichwani. Huyu alikuwa akisoma nguo za majirani tangu aolewe katika nyumba ile. Mimba, ugomvi na ukata vyote alivijua kutoka kambani kabla ya wenyewe kukiri. Aliegemea dirisha, akakunja uso.

"Kuna mtoto mchanga. Bibi yupo, mnene, tena anajipenda. Maua yote hayo kwa umri huo ya nini? Baba mtu ana kazi ya kukaa, angalia kola, haina jasho." Akasogeza miwani. "Saniye."

"Naam, Mama."

"Chupi ziko wapi?"

Saniye alitafuta kwa macho kamba nzima. "Labda wameanika ndani. Kwa haya."

"Na soksi? Soksi nazo zina haya? Nyumba ya watu wote hao haina soksi moja wala chupi moja! Binti yangu, hawa ama wana adabu ya kupitiliza, ama hawana makalio."

Elvan alikuwa amepanda juu ya kiti, kidevu kwenye ukingo wa dirisha. "Lile gauni la manjano ni la saizi yangu?"

"Saizi yako kabisa," alisema Saniye.

"Basi ni rafiki yangu."

Kuanzia siku hiyo mtoto hakutoka dirishani. Kila asubuhi aliuvunja mkate wake wa ufuta na kuacha nusu ukingoni, kwa ajili ya rafiki atakapofungua dirisha. Njiwa walinenepa. Saniye alimtazama, naye akajiona mjinga kwa jinsi alivyokuwa akipanga mambo yake mwenyewe kimoyomoyo: atakopa kitunguu kwa huyo mama mwenzake, watatumiana vitu kwa mfuko juu ya kamba kama alivyofanya na Mama Şükran, watoto watalala mchana kwa zamu. Rifat, mumewe, alikuwa njiani na lori lake, na jioni zilikuwa ndefu. Mtu wa kuzungumza naye ng'ambo ya kamba ni nusu ya nyumba.

Ila nguo hazikuanuliwa. Zililala nje usiku, zikaamka nje asubuhi.

"Wamesafiri," Saniye aliwatetea.

"Wakavaa nini?" aliuliza Bi Makbule.

Chini uchochoroni watu walisimama, wakainua simu, wakapiga picha kamba, wakaenda zao. Saniye hakulitilia maanani. Siku hizi walipiga picha hata paka akijikuna.

Kisha mvua ikaja, ile ya ghafla inayotoka ghubani. Katika mtaa ule haikuwahi kuhitajika sheria: mvua ikianza, aliye karibu na kamba ndiye anayeanua, nguo ni za nani, hilo litaulizwa zikiwa kavu. "Mvua!" alipiga kelele Bi Makbule kama alivyopiga maisha yake yote, ingawa hakukuwa na dirisha jingine la kuitikia. Saniye akavuta. Roda ikalia, nguo zikaja mbio juu ya uchochoro, shati, sketi, kijinguo, gauni la manjano. Akazitandaza karibu na jiko la makaa, akazikausha, akazipiga pasi moja moja kwa mapenzi.

Alipokuwa akipiga pasi aliona mambo. Nguo hata ikifuliwa hubaki na harufu ya mtu, lakini hizi hazikunukia mtu yeyote. Ndani ya kijinguo cha mtoto kulining'inia kikaratasi cha duka. *Ni wageni, wana uwezo, wamenunua vipya,* alijiambia, akaongeza joto la pasi.

Kesho yake alioka mkate wa tabaka wa jibini, akaufunika kwa kitambaa, akamvalisha Elvan nguo ya sikukuu, na wote wawili wakavuka uchochoro na nguo zilizokunjwa kama za bibi harusi.

Mlango ulifunguliwa na kijana mwenye ndevu zilizochongwa na aproni ya ngozi, kana kwamba anataka kufua chuma. Aliitwa Tolga. Nyuma yake hakukuwa na sebule wala viatu vya watoto mlangoni. Kulikuwa na meza za mkahawa, viti visivyofanana kwa makusudi, na ukutani beseni la kufulia lililowapinda akina mama migongo enzi hizo, sasa limetundikwa kama picha ya ukoo.

"Hongereni kwa nyumba mpya, Mungu awajalie heri ndani yake," alisema Saniye. "Mimi ni jirani yenu wa mbele. Mvua ilinyesha, nikawaanulia. Mwenye nyumba yupo? Mke wako, kaka?"

Tolga alitazama nguo, akashika kichwa. "Kumbe ni wewe! Nimeshatangaza kwenye kundi la mtaa kwamba tumeibiwa!" Kisha akaona mikunjo iliyonyooka, uso ukampauka. "Umezipiga pasi?"

"Nimezipiga, ndiyo."

"Zote?"

"Na kitambaa cha meza pia. Kilikuwa kimekunjamana vibaya."

"Dada, zilitakiwa zikunjamane! Mpiga picha anakuja leo! Nani anaanika nguo zilizopigwa pasi?" Akageuka, akaita jikoni: "Jamani, njooni mzifinyange hizi! Na leteni ile chupa ya kupulizia maji!"

Msichana mwenye aproni kama yake alikuja, akachukua gauni la manjano, akalisokota kwa mikono miwili kama anayekamua mbuzi. Elvan alimtazama.

"Yuko wapi mwenye gauni?" aliuliza.

"Mwenye gauni gani, mrembo?"

"Hilo."

Tolga aliinama kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokera. "Ni pambo tu. Kama maua, unaelewa? Wageni wanapenda wakiona mtaa una maisha." Akampa biskuti iliyokuwa ngumu kama kigae, akamgeukia Saniye. "Lakini wewe, dada! Wewe ndiye kitu halisi! Nimekuona ukishusha kile kikapu dirishani kwa muuza duka. Nikaambia wenzangu, hiki hakipatikani kokote. Sisi hatutaki kubadilisha kitu hapa. Tunataka mtaa ubaki ulivyo."

"Utabaki. Sisi tupo."

Tolga alikuna ndevu. "Bwana Nazmi hajawaambia?"

Bwana Nazmi alikuwa mwenye nyumba wao. Hakuwa amewaambia. Kumbe alikuwa ameuza, na majira ya baridi yakiisha nyumba yao itapakwa rangi ya kijani ya pistachio na kuwa vyumba vya wageni.

"Lakini kamba tutaiacha!" Tolga aliharakisha kumfariji. "Naahidi. Na kama mtapenda kutuachia nguo kadhaa za kwenu, zile zilizochakaa, tutazinunua kwa moyo mmoja. Hasa zile suruali ndefu za ndani za mzee. Zina hadithi."

"Baba mkwe alishafariki," alisema Saniye. "Mama huzifua kwa kumbukumbu."

Tolga aliweka mkono kifuani. "Ona! Ndiyo hiyo hadithi yenyewe."

Saniye aliuchukua mkate wake wa jibini, uliokuwa bado umefunikwa, akamshika mtoto mkono, akarudi nyumbani. Ndipo alipogundua kwamba alikuwa akilia, si kwa ajili ya nyumba kwanza, bali kwa ajili ya yule mama mwenzake aliyekuwa amemkopesha vitunguu vingi sana kichwani mwake.

Bi Makbule alisikiliza mpaka mwisho akila mkate. "Nilikuambia," alisema. "Hawana makalio."

Yeye mwenyewe alimpigia simu Bwana Nazmi. Bwana Nazmi alimwita "mama yangu", akamwita "taji ya kichwa changu", akaapa kwamba moyo unamvuja damu, akakata simu. Jioni ile Bi Makbule alizitoa suruali za marehemu, akazikunja, akaziweka chini kabisa ya sanduku na kulikalia sanduku.

Siku ya kufungua mkahawa ilikuwa ya jua. Meza zilijaa hadi uchochoroni. Bibi harusi asiyejulikana na mtu alipigwa picha mlangoni pa nyumba ya zamani ya Mama Şükran, mkono kiunoni, na juu yake nguo zilipepea, zimefinyangwa, zimepuliziwa maji, zinadondosha matone kwa ustadi. Saniye alisimama dirishani. Kwenye beseni miguuni pake zilikuwa shuka za Elvan, mbichi, bila nafasi ya kuzianika.

"Mama, kamba hii ni ya nani?"

"Yangu na Şükran," alisema Bi Makbule bila kugeuka. "Tulinunua tukiwa maharusi. Ukuta auchukue huyo kijana. Kamba hakuuziwa."

Saniye akashika kamba, akavuta. Kwii, kwii, kwii.

Chini vichwa viliinuka. Sketi ya maua ilianza safari, ikafuata shati jekundu.

"Dada!" Tolga alitoka na sinia mkononi. "Dada, unafanya nini?"

"Naanua."

"Lakini hakuna mvua!"

"Kuna jua, baba!" Bi Makbule alijibu juu ya bega la mkwewe, kwa ile sauti ya kuita muuza maziwa. "Nguo zikikauka huanuliwa! Mama yako hakukuambia? Au kwenu mlikuwa mkivalia kambani?"

Wageni wakacheka. Kisha, Mungu awasamehe, wakapiga makofi. Simu zikainuliwa zote. Bibi harusi aligeuka ili dirisha lionekane nyuma yake. Tolga alitazama meza zake, akatazama dirisha, akapanua tabasamu kubwa. "Hii ndiyo roho ya mtaa, jamani!" aliwaambia. Saniye aliona sasa kwamba watu hawa huwezi kuwatusi. Watakuomba urudie tusi pole pole, picha itoke vizuri.

Basi hakutukana. Alibana nguo zao kwapani moja moja zilipofika, akazifinyanga bonge moja, akazitia kwenye kikapu na kukishusha kwa kamba yake ndogo hadi usawa wa kifua cha Tolga.

"Zimekunjamana vizuri, kaka. Kama ulivyotaka."

Kisha akafungua fundo lililounga ncha mbili za kamba. Lilikuwa fundo la zamani, limekaza kwa mvua za miaka, ikabidi Bi Makbule atumie uma. Lilipoachia, Saniye alivuta ncha moja, na ncha ya pili ikaondoka, ikavuka uchochoro, ikapita katika roda ya ng'ambo na kuanza kurudi nyumbani juu ya vikombe na kofia. Roda ya nyumba ya waridi ililia kwa mara ya mwisho, ikanyamaza. Juu ya meza ikabaki anga tupu. Makofi yalichelewa kidogo, halafu hayakuja. Watu walitazama juu kama waliosahau walikuwa wakipiga picha nini.

Elvan aliipokea kamba kwa mikono miwili, akaizungusha kwenye kiwiko chake kama alivyoona bibi yake akizungusha sufu. Ilikuwa ndefu, ilimfika hadi kidevuni. Saniye alikuwa akitafuta neno la kumwambia mtoto, neno zuri, lenye matumaini, na alikuwa bado hajalipata.

Elvan alitazama dirisha la mbele lisilo na mtu, akakumbatia kamba, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye meza za chini: "Mama, huko tunakohamia, tuifunge kwenye nyumba yenye mtoto."