Hodi ya Tatu

Waliokuwapo maabarani baada ya sala ya alasiri walikuwa watatu: Bi Swabaha, mwalimu wa fizikia; Mbodze, mjane; na Bwana Saif, msimamizi wa ghala la saruji ambamo Chengo, mume wa Mbodze, alikutwa amekufa, mlango umefungwa kwa nje. Marehemu alifika baadaye kidogo.

Bi Swabaha alikung'utia vumbi la shati la Chengo ndani ya bomba la kioo, akaiondoa hewa karibu yote, akawasha umeme. Mwanga wa zambarau ukajaa. Vumbi halikuanguka. Kila chembe ilishika chaji, ikazisukuma jirani zake, na zote zikaning'inia kwa safu zilizonyooka.

"Ukiigusa moja," alieleza, "msukumo hupokezanwa hadi mwisho. Chembe zenyewe haziondoki zilipo."

"Kama mume wangu," akasema Mbodze.

Ndipo wimbi likapita bila ya mtu kugusa kitu. Lilizitikisa safu moja baada ya nyingine, likafika ukingoni mwa kioo, likatoa sauti ya Chengo, iliyokauka kidogo: hodi. Likapita la pili: hodi. La tatu: hodi. Kisha safu zikatulia, kwa kuwa Chengo alikuwa mtu wa adabu, na mwenye adabu asipoitikiwa mara tatu habishi ya nne, hata akiwa amefungiwa.

"Sauti yake hiyo," Saif alisema.

"Nawe ulituambia hakubisha," akasema Mbodze.

"Alibisha mara tatu akanyamaza. Nikajua amekwenda zake."

"Aende wapi, bwana, na ufunguo umo mfukoni mwako?"

Saif aliviangalia viatu vyake. "Lori lilikuwa lanisubiri Feri. Na taarifa ya kifo chake imekwisha pelekwa, mama. Haibadiliki."

Wimbi likaanza upya. Bi Swabaha, ambaye kwao hodi haikuachwa bila jibu, alifungua kinywa aseme karibu. Mbodze akamshika mkono.

"Usimwitikie, mwalimu. Hakubisha kwako."

Wote wawili wakamtazama Saif. Hodi ya tatu ikapita. Saif akavaa kofia yake.

Bi Swabaha alirudisha viti mahali pake, akafuta ubao, kisha akawatangazia Mbodze na Saif kwa sauti ya darasani:

"Chombo hiki hakizimwi. Kesho masomo yataendelea humu humu, na mwanafunzi atakayesikia hodi asiiitikie. Ina mwenyewe."