Gharika ya Ayuma

Marehemu mke wangu Ayuma alipanga kadi zake za mchezo wa vita kwa subira: waganga wengi, askari wachache, na Gharika moja ya kuzamisha meza nzima. “Mkicheza wengi, wote humpiga anayeonekana kuwa na nguvu,” alikuwa akiniambia. “Wewe jifanye mnyonge.”

Jumamosi nilicheza fainali kwa kadi hizo, ukumbini Huruma. Wapinzani wangu Wavinya na Bwire walikabana na kadi za majoka za Kitonga, mwenyekiti wa mashindano, naye pia mchezaji. Mimi niliponya majeraha tu kwa waganga wangu. Zamu yangu ya kutoa Gharika ilipofika, Kitonga akapuliza filimbi.

“Muda umeisha! Mwenye jeshi kubwa ameshinda.”

“Sheria hiyo uliiandika lini?”

“Mzee, kamati imeamua.”

“Kamati ni nani?”

“Ni mimi.”

Ndivyo walivyo wakubwa. Hata hospitalini walimfungia Ayuma dirisha la dawa zamu yake ilipofika.

Nikaibamiza Gharika mezani. Wavinya akayafunika majoka kifudifudi, moja moja.

“Mwenyekiti, umezama,” akasema.

Kitonga alibeba kombe akatoka. Aende nalo! Ayuma hakushindwa na mtu pale, alifungiwa tu.