Kidole na Ndoo

Vumbi lilikuwa limesimama ndani ya mwanga wa dirisha, halipandi, halishuki, siku walipokuleta nyumbani ndani ya sanda, mume wangu, mwenzangu. Nililitazama hilo kwa sababu wewe sikuweza kukutazama. Nikajiuliza kwa nini vumbi la tofali linaelea, na tofali lenyewe halikukuhurumia.

Kisha nyapara wa pale ulipokuwa ukijenga akaja na pole zake. Alikuwa ametoka kula. Mafuta yanang'aa kidevuni, kijiti kimenasa kwenye jino, na mkono aliojipangusia mdomo ndio ulioniangukia begani. "Mama, ni mapenzi ya Mungu," akasema. Nikautoa mkono ule begani. Wala si kwa sababu ya mafuta.

Maana Mungu huyo namjua. Naamka naye alfajiri, nalala na jina lake mdomoni. Hakuufunga yeye mnyororo ule wa kupandishia matofali. Hakukutuma yeye usimame chini ya mzigo uuelekeze kwa mikono. Mtu kubeba uchafu wake na kwenda kuumwaga mlangoni kwa Mungu: hilo linanuka, mwenzangu. Linanuka kuliko maji ya samaki yaliyolala.

Shule niliishia ya msingi. Mwalimu alituandikia ubaoni: nguvu, uzito, mwendo. Tukayaimba mpaka sauti zikakauka, nikawekewa vyema, nikatoka mikono mitupu. Maneno yale yalikaa kichwani kama vyombo vya wageni kabatini, vinang'aa, havijawahi kupakuliwa kitu.

Uliponiacha ndipo nikaanza kuvipakulia. Nikiburuta kitanda nifagie, mwanzo kinagoma, kikishaanza, kinafuata. Nikitembea na ndoo na kusimama ghafla, maji hayasimami nami. Yanaendelea na safari yao, yananirukia kifuani. Kilichotulia kinataka kutulia. Kinachokwenda kinataka kwenda. Hakina chuki, hakina huruma. Hakikujui.

Sasa mwanao ni fundi, na nyapara ni yuleyule. Matofali wanayapandisha ghorofani kwa kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba, yamepangwa juu ya ubao unaoning'inia kwa minyororo, na mtu mmoja husimama chini kuuelekeza usigonge ukuta. Hupeana zamu, wakicheka. Kapi hulipaka mafuta machakavu ya gari, meusi, yanayovutika kama makamasi, na anayesimama chini humdondokea utosini. Kwao huko ndiko kubatizwa. Hata sasa nikiukumbuka utani huo, ulimi unaniwasha.

Jioni moja, tukiwa mezani, mwanao aliniambia kesho ni zamu yake. Nikamsihi asisimame chini ya mzigo, kama alivyosimama baba yake siku ile. Akacheka, kinywa kimejaa.

"Mama, mzigo ukishaning'inia unakuwa mwepesi. Mimi nausukuma kwa kidole tu."

Maneno yako, mwenzangu. Ulikuwa ukiyasema hivyohivyo, ukivua viatu.

Sikubishana naye. Niliijaza maji ile ndoo kubwa, nikamwomba anisaidie kuitundika kwa kamba kwenye boriti ya mlangoni. Aisukume kwa kidole, nikamwambia. Akaisukuma. Kila ikirudi akaiongezea kidogo, nayo ikakubali, ikaenda mbali, ikaenda mbali zaidi, tulivu kama mtoto kwenye bembea. Akanigeukia na jicho la si unaona.

"Sasa isimamishe," nikasema. "Kwa kidole hichohicho."

Akakinyoosha. Ndoo ikaja bila haraka. Kidole kikapinda kurudi nyuma, mwanao akaguna na kuruka pembeni, maji yakamwogesha mpaka miguuni, ndoo ikapotoka ikaubamiza mwimo wa mlango, na nyumba nzima ikaitika.

Akakaa chini kwenye maji, amekitia kidole mdomoni kama mtoto mchanga. "Imekuwa nzito saa ngapi?"

"Ilikuwa nzito muda wote, baba. Kamba ilikubebea uzito. Mwendo haikukubebea."

Akachukua tambara, akapangusa sakafu.

Kesho yake nilikwenda, nikasimama ng'ambo ya barabara. Mwanao alikuwa amefunga kamba ndefu kwenye ubao, anauelekeza kwa mbali, miguu ameitanua. Mahali pa kubatiziwa palikuwa patupu. Nyapara akamwambia, kwa sauti ya kusikiwa na wote, kwamba anaogopa kama mama yake.

"Naam," akajibu, ameinua macho kwenye mzigo. "Kama mama yangu."

Wenzake wakacheka, halafu kicheko kikakatika. Ubao uliugusa ukuta, kidogo tu, kwa bega. Tofali moja likachomoka pembeni. Likaja kimya, likizidi kuharakisha, halimtafuti mtu, halimkwepi mtu. Likapasuka palepale pa kubatiziwa.

Nyapara akajifuta kidevu. "Mungu ametuepusha," akasema.

Nikavuka barabara. Mate yalikuwa yameshanijaa kinywani. Nikayatema kando ya viatu vyake.

"Mwache Mungu," nikamwambia. "Sema kamba."

Mungu nilimshukuru mwenyewe, moyoni, kwa kuumba vitu visivyogeuza tabia, ili hata mtu kama mimi aweze kuvizoea.

Vumbi la lile tofali lilipanda, likasimama juani kama lile la dirishani kwetu. Safari hii nililijua. Hewa inaweza kulibeba hili, tofali hailiwezi. Nikalitazama linavyoshuka, punje kwa punje, bila haraka, mpaka likatua chini, mahali pasipo na mtu.