Shimo Namba Tisa

Paskazia alirudi Dodoma mjini na habari mbaya. Kwenye machimbo ya dhahabu ya Chilowe, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka ofisini kwake, duara namba tisa lilikuwa mbioni kuanguka. Duara ndilo jina la wachimbaji wadogo kwa tundu wanaloteremkia kuufuata mwamba wa dhahabu, na ndani ya hilo la tisa waliteremka watu wanane kila asubuhi isipokuwa Jumapili, kwa kuwa msimamizi wao, mzee Matonya, alikuwa mwanakwaya na hakutaka mchezo na ibada.

Paskazia hakuwa amebahatisha. Alibandika vipande vitatu vya kioo kwa saruji juu ya ufa uliopita kando ya mdomo wa duara. Ardhi ikisogea, kioo kinapasuka. Kifaa chenyewe hakihitaji hata betri. Siku ya pili viwili vilikuwa vimepasuka. Mvua za kwanza zilikuwa zinatarajiwa ndani ya wiki tatu, na udongo ule mkavu ukishakunywa maji haungesubiri kikao cha mtu. Akaandika ripoti ya kurasa nne yenye pendekezo moja: Duara Na. 9 lifungwe kabla ya mvua.

Kurasa nne! Katika kitengo chao cha utafiti wa usalama migodini, ripoti isiyofika kurasa sitini ilikuwa utovu wa adabu. Mkurugenzi, Dakta Tumsifu, mtu mpole aliyevaa suti ya kijivu hata kwenye joto la Oktoba, alimwita akamuuliza mfumo wa nadharia uko wapi, na teknolojia iko wapi. Kitengo kilikuwa na droni iliyokaa ndani ya boksi lake mwaka wa pili, kwa sababu aliyefundishwa kuirusha alihamishiwa mambo ya uvuvi. Dakta alitaka kujua kama vile vioo vinaweza kuitwa teknolojia bunifu ya ufuatiliaji wa nyufa. Paskazia akasema vinaweza. Angekubali viitwe hata vyombo vya anga, mradi karatasi isainiwe. Basi kurasa nne zikanenepa zikawa sitini na nne, na wiki moja ikawa imekwenda na maji.

Ikafuata warsha ya wadau, siku mbili katika ukumbi wa hoteli wenye kiyoyozi kilichowafanya watu wavae masweta. Wadau walijaa, ila hakuna hata mmoja aliyewahi kuteremka duarani; wa Chilowe hawakualikwa kwa sababu nafasi zilimalizwa na wadau. Siku ya kwanza walijitambulisha na kupiga picha ya pamoja, wakapiga nyingine kwa kuwa mgeni rasmi alichelewa ile ya kwanza. Siku ya pili, kati ya chai na chakula cha mchana, walifika kwenye pendekezo.

Hapo akasimama Bwana Thomas, mwalimu mstaafu wa Kiswahili kutoka mtaa wa Kikuyu hapo mjini, aliyekodiwa kuhariri lugha. Alikuwa na sauti ya upole na kalamu nyekundu, na Paskazia alimwogopa kuliko alivyouogopa ule ufa. Thomas alieleza kwamba duara ni umbo, huchorwa kwa bikari, na kwamba tangu azaliwe hajapata kusikia duara limeanguka. Tena, akauliza, utafungaje duara ilhali duara kwa asili yake limeshafungwa? Ukumbi mzima ukacheka. Paskazia akaeleza kwamba hilo ndilo neno la wenyewe kule machimboni. Thomas akamjibu kwa huruma kwamba Serikali haiwezi kuandika maneno ya machimboni, akapendekeza neno fasaha: shimo.

Hoja ikaungwa mkono kwa makofi. Hayo ndiyo yaliyokuwa maamuzi pekee ya siku mbili zile, kwa hiyo yalishangiliwa kweli kweli. Paskazia alikuwa amechoka. Alijiambia shimo ni shimo, liite utakavyo, akanyamaza na kula sambusa yake. Hapo ndipo alipokosea, na kosa hilo hakumwachia mtu mwingine. Alikuja kulibeba mwenyewe.

Barua ikasainiwa ndani ya siku nne, jambo ambalo halikuwahi kutokea: Shimo Na. 9 lifungwe mara moja. Siku ya tatu yake likarudi jibu kutoka Chilowe, limegongwa muhuri na kusainiwa na Matonya, kwamba agizo limetekelezwa kikamilifu. Dakta Tumsifu alilisoma kwa sauti kwenye kikao cha Jumatatu. Usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu arudi, Paskazia alilala fofofo nyumbani kwake Mkonze.

Alhamisi alitumwa kwenda kupiga picha ya shimo lililofungwa, ya kuweka kwenye jalada la ripoti. Alipofika, mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya vilima. Matonya alimpokea kwa "mbukwa" ya Kigogo, naye akaitikia na kuongeza shikamoo, kisha wakaongozana. Walipolipita duara namba tisa, Paskazia akasimama ghafla. Winchi ilikuwa inazunguka. Ndoo ya mawe ilikuwa inapanda.

Matonya akamhimiza waendelee, ni pale mbele. Nyuma ya migunga kulikuwa na choo, kimezibwa kwa mabati na saruji na kuzungushiwa miiba, kina kibao cha rangi nyekundu: SHIMO NA. 9 LIMEFUNGWA KWA AMRI. Mwaka uliopita mabwana afya walikuja na kampeni yao, wakachimbisha vyoo kumi na kuvipa namba, Shimo Na. 1 hadi Shimo Na. 10, na tangu siku hiyo pale Chilowe ukiuliza shimo unaonyeshwa pa kujisaidia. Matonya alieleza, kwa heshima zote, kwamba kina mama wamelalamika sana, kwa kuwa hicho ndicho kilikuwa chao na kilikuwa bado kipya. Walijiuliza watafiti wameona nini humo ndani, lakini wakatii.

Paskazia akamgeukia mzee.

"Mzee Matonya, mimi nilimaanisha duara."

"Wewe ulimaanisha, mwanangu. Serikali imeandika."

Akaitoa barua mfukoni na kumkunjulia. Hakuwa mjinga wala mkaidi. Alisema jiwe analisikia na yeye, na kioo cha tatu kimepasuka juzi. Lakini mwenye leseni anakaa mjini, na akiuliza nani kasimamisha kazi, Matonya atamwonyesha mdomo wa nani? Apewe karatasi inayosema duara, awatoe watu sasa hivi.

Paskazia akampigia Dakta Tumsifu. Simu haikupokelewa, ukaja ujumbe kwamba yuko kikaoni, aandike dokezo. Tone la kwanza la mvua likaangukia kwenye kioo cha simu wakati anausoma.

Alikuwa na miaka kumi na moja kazini na hajawahi kuchelewesha hata fomu ya likizo. Akaiweka barua juu ya boneti ya gari, akalikata neno shimo kwa mstari mmoja, akaandika juu yake DUARA, akatia saini na tarehe. Matonya akaitazama, akasema inataka muhuri. Paskazia akamuuliza ule wa kamati ya machimbo anautunza nani. Mzee akatabasamu kidogo, akautoa kwenye koti, akaupulizia pumzi, akaugonga. Kisha yeye mwenyewe akaenda kuivuta kamba ya ishara, mara tatu, kwa nguvu.

Walipanda mmoja mmoja, wamepakaa vumbi hadi kope. Paskazia aliandika jina la kila aliyetoka, kwa kuwa hakuiamini akili yake kuhesabu. Yotham, Lameck, na wengine, hadi saba. Wa nane hakuonekana. Wenzake wakasema Mnyambwa amerudi ndani kufuata nyundo yake. Mvua sasa ilikuwa inanyesha ya kweli, na Paskazia alisimama pale akimchukia mtu asiyemjua kwa ajili ya nyundo. Alipotokeza, Matonya alimtukana kwa Kigogo kirefu, akamvuta kwa kola hadi kwenye gari.

Haikupita nusu saa. Ardhi ilitoa sauti moja nzito, winchi ikainama, ikazama na magogo yake yote. Hakuna aliyeshangilia. Paskazia alikaa kwenye tope akalia, wala hakujificha.

Ripoti ya robo mwaka ilipotoka ilisema Chilowe hakukuwa na ajali yoyote, na kwamba mafanikio hayo yametokana na matumizi ya lugha sanifu katika maagizo. Kwa kuwa eneo sasa ni salama, utafiti wake ulisitishwa. Paskazia akapewa barua: aeleze kwa maandishi ndani ya siku saba kwa nini asichukuliwe hatua kwa kubadili neno katika waraka wa Serikali.

Alikaa nayo siku sita. Siku ya saba aliandika kwamba alilibadili ili watu wafuatao watoke, akapanga majina yao chini, kila jina mstari wake, pamoja na la baba, kama barua za kiofisi zinavyotaka. Kwa yule wa nane alikwama, kwani kwenye daftari lake lilikuwepo jina moja tu. Akampigia Matonya. Mzee akasema huyo yuko hapa hapa, akampa simu.

Mnyambwa alikuwa na tonge mdomoni. Alilitaja jina la baba yake herufi kwa herufi, polepole, kisha akauliza kama kuna tatizo huko mjini.

"Hakuna," Paskazia akamwambia. "Endelea kula."