Mshale wa Wakonyo

Wakonyo alikuwa na mibuni mia na kumi kwenye mteremko wa mto Chania, nje kidogo ya Thika, na kwa mibuni hiyo hakutaka utani na mtu. Ruhusa ya serikali ya kuipanda aliipata mwaka wa 1954, miezi michache baada ya kumzika mumewe. Mavuno ya kwanza ndiyo yaliyompeleka bintiye Nyawira shule ya bweni. Sasa, mwaka wa 1958, miti ilikuwa imevamiwa na wadudu weupe waliojipaka kitu kama unga, wakafyonza vishina vya matunda mpaka kahawa ikadondoka ikiwa bichi.

Bwana shamba wa eneo lile, Macharia, mtu wa maneno machache na buti safi mno kwa kazi yake, alimpa siku thelathini. Asipoona nafuu, miti yote ingeng'olewa na kuchomwa, isije ikaambukiza mashamba ya majirani.

Basi Wakonyo akajifunga kibwebwe. Kila asubuhi alipita mti kwa mti akiwaponda wadudu kwa kidole gumba. Alianza na wale wakimbiaji, wakubwa wenye manyoya meupe marefu, maana aliona hao ndio wakorofi wanaosambaza wenzao. Aliua mamia, na bado unga ukazidi.

Wiki ya mwisho akaja Jeconia, mtu wa makamo aliyefanya kazi kwenye maabara ya wadudu kule Ruiru. Alifika kwa baiskeli, na vichupa vyake vya kioo vikilia mfukoni. Majirani walicheka wakavunjika mbavu kuona mtu mzima anayelipwa mshahara kuchuchumaa akitazama sisimizi. Yeye hakujali. Alichora mbuni katikati ya karatasi, kisha mishale ya kuonyesha nani anamla nani. Mdudu mweupe anaula mti. Sisimizi wanamlinda mdudu huyo ili wanywe utamu anaoutoa, kama mtu na ng'ombe wake wa maziwa. Nyigu mdogo anataga mayai ndani ya mdudu mweupe, na mbawakawa wa mviringo anamtafuna mdudu huyohuyo.

Hapo Jeconia akakwama. Mbawakawa wazima aliwaona, na mayai yao pia, lakini watoto wao, ambao ndio walafi hasa, hawakuwapo. Kuna kitu kilikuwa kinawamaliza, na hakukijua. Akachora mshale, akaacha upande wa mlaji wazi.

Siku ya nne akampata mtoto mmoja wa mbawakawa chini ya jani. Alimtia kichupani pamoja na wadudu weupe kumi na kumwonyesha Wakonyo. Kufikia jioni wote kumi walikuwa wameliwa. Mtoto huyo alikuwa mweupe, mwenye manyoya marefu, na alikimbia huku na huku.

Wakonyo akamtambua mkimbiaji wake. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua.

“Huyo unayemtafuta ni mimi,” akasema. “Kila asubuhi naanza na hawa.”

Jeconia hakucheka. Alimwambia kwamba hata yeye, mwaka wake wa kwanza kazini, aliwaua vivyo hivyo. Kesho yake alimweleza Macharia mambo yote isipokuwa jina la mlaji, akamwombea Wakonyo miezi miwili. Macharia alinung'unika, akakubali.

Walipaka grisi kwenye mashina ili sisimizi wasipande. Wakonyo alizuia mikono yake, na hilo lilikuwa gumu kwake kuliko kulima. Lakini wakimbiaji wakaongezeka, na unga ukapungua. Macharia aliporudi, aligeuza majani mwenyewe hadi buti zikajaa matope, kisha akatia sahihi kwamba miti ibaki. Wakonyo alilia mbele yao wote wawili, akamshukuru Mungu, akamshukuru Jeconia, akawashukuru na wale wadudu aliokuwa amewaua ndugu zao.

Jeconia akamwonyesha mchoro safi aliokuwa anaupeleka Ruiru ili unakiliwe na kugawiwa wakulima. Ule mshale haukuwapo.

“Nimekuficha, Mama,” akasema. “Hakuna haja ya watu kujua.”

“Unirudishe, ndugu yangu. Hapa mpaka Ruiru kuna wanawake wangapi wanaowaponda wakimbiaji asubuhi hii? Andika Wakonyo. Na uandike kwamba nashukuru.”

Jeconia akatoa kalamu, akaandika yote mawili.