Siku ya Maji Meupe

Wanawake wa ng'ambo ya kiwanda waliusoma mfereji kama wengine wasomavyo kalenda. Kiwanda cha vitambaa kikitema maji mekundu au ya kijani kuelekea mtoni, hakuna aliyechovya hata kidole. Yakipita maji meupe, ndoo zilishuka mbio na watoto wakaogeshwa mpaka masikio yakang'aa.

Hata yeye, mmoja wao, alimwogesha mwanawe humo juma lililopita. Mtoto alijikuna hadi damu. "Joto tu hilo," wifi yake alisema, naye akakubali.

Leo ilikuwa siku yake ya kwanza katika chumba cha kupaushia vitambaa, vitoke rangi viwe vyeupe. Alisimama mbele ya pipa la dawa akisoma ubavuni, neno kwa neno, kama walivyofundishwa kwenye masomo ya jioni. *Huunguza ngozi. Usimwage penye maji ya watu.*

"Mwalimu," msimamizi akamtania, "pipa halina mtihani!" Akaifungua koki mwenyewe.

"Bosi, yanakwenda wapi hayo?"

"Mferejini, kama siku zote. Meupe hayo, yatamchafua nani?"

Akakimbilia dirishani. Kule chini, kando ya mfereji, wifi yake alikwisha kutua beseni, anamvua mtoto shati.

"Wifi! Usimwogeshe!"

Mashine zikaimeza sauti. Wifi akauona mkono ukipunga, naye akapunga, anacheka.

Lango lilikuwa mwisho wa uwanja, asingewahi. Akanyakua ndoo iliyojaa rangi ya buluu, akaimwaga yote kwenye mtaro wa sakafuni uendao mferejini. Buluu ikateremka, ikafifia, ikawa manjano, ikapotea. Dawa ilikuwa imeila. Rangi ngumu ya kitambaa, imeliwa vile! Sembuse ngozi ya mtoto?

"Una wazimu?" Msimamizi akamshika mkono. Akajichomoa. Ndoo ya pili. Ya tatu.

Kule chini buluu ikafika, nzito kama wino. Wanawake wakaruka nyuma wakilaani. Wifi akasonya, akamnyakua mtoto, beseni likiwa tupu.

"Toka," msimamizi akasema, akihema. "Na usirudi."

Alimkuta wifi yake ukingoni, amevimba kwa hasira.

"Umeona? Maji meupe vile! Nani mwenye roho mbaya hivi?"

Mtoto akamnyooshea mama yake mikono. Yeye mikono yake alikuwa ameificha mgongoni, buluu hadi viwikoni.

"Wifi, keti kwanza," akasema, akaitoa.