Goti la Mtani

Siku moja kabla timu za ligi hazijachagua vijana, Kocha Coumba alinisukumia fomu mbili za afya juu ya meza ya klabu yetu ya mpira wa kikapu, hapa Rufisque.

"Ngor, nafasi ni moja. Pathé anaujua mchezo tangu utotoni, ila hapo alipofika ndipo mwisho wake. Huyu wako ameshika mpira miezi minane."

"Kocha, ana mita mbili na sentimita tisa! Akiruka, kiwiko kinagusa chuma cha kikapu."

"Swala naye anaruka. Nenda kamuulize habari za mwili wake. Sitaki maneno ya watu, nataka ya kinywa chake."

Nilikwenda kifua mbele. Landing Badji nilimwona mimi kabla ya wote, kijijini kwao kusini, akigema michikichi. Wengine walimpita. Nilitaka mji mzima useme Ngor Diouf ana macho.

Nilimkuta kando ya uwanja na wenzake, chai ikichemka. Mimi Mserer, yeye Mdiola. Makabila yetu ni watani toka enzi na enzi, na mtani akifungua kinywa hakuna wa kumkasirikia wala wa kumwamini.

"Mtumwa wangu," nikamwita, "una ugonjwa wowote zaidi ya ulafi wa wali?"

"Goti la kushoto, bwana mkubwa. Nikitua, linalia kama mlango wa nyumba ya Mserer."

Vicheko vikalipuka.

"Mdiola huyo!" nikadakia. "Kwenye kazi ana goti, kwenye sinia hana!"

"Nasema kweli, Ngor. Nikimaliza mazoezi linavimba."

"Limevimba kwa mvinyo wa michikichi!" nikamjibu.

Wenzake wakapigana viganja. Landing naye akacheka, wa mwisho kuliko wote, kisha akainama kufunga kamba za kiatu. Nikaandika: *Mzima*. Nikatia sahihi kubwa.

Tukamchagua, Pathé tukamwacha. Majuma matano Landing aliruka na jukwaa likasimama naye. Juma la sita alipanda kuufuata mpira, akaupata, akatua. Mlio wa goti ulisikika hadi safu za juu. Daktari alisema jeraha ni la zamani: mguu utatembea, hautaruka tena.

Mwenyekiti alituita sote ofisini. Landing alikaa karibu na mlango, magongo mapajani.

"Kijana alituficha," mwenyekiti akasema. "Fomu hii hapa. Mkataba umekufa, na matibabu ajitegemee."

Kocha Coumba akanigeukia. "Ngor, ulimuuliza?"

Fomu ilinilinda. Ningenyamaza tu, ingetosha.

"Nilimuuliza."

"Akasemaje?"

"Alisema linauma. Alisema mara mbili. Mimi nikacheka."

Mwenyekiti akaikunja fomu polepole.

"Basi upasuaji tutalipa. Baada ya hapo, nyinyi wawili msikanyage hapa."

Nje, nilinyoosha mkono kuuchukua mfuko wake. Hakunipa.

"Landing, nitukane kama mtani wako. Niite mlafi, niite mtumwa, niite lolote unalotaka."

Alinitazama kama mtu anayeulizwa njia na mgeni.

"Hapana, Bwana Diouf," akasema kwa adabu. "Asante."

Akaanza kushuka ngazi, gongo kwanza, kisha mguu.